Rabbit S601 baada ya mwaka na nusu Unguja: hii si Vespa

Assalam alaykum jamani. Nimeshaulizwa sana, sheli ya Mwanakwerekwe naulizwa, Darajani naulizwa, hata getini skuli naulizwa na wazazi, "ticha hiyo Vespa gani mbona imenenepa nyuma", kwa hivyo leo naandika mara moja, mwenye kutaka kujua asome. Si Vespa. Inaitwa Rabbit, yaani sungura, ni ya Kijapani, yangu ni modeli ya S601 wenyewe wakiita Superflow, na kampuni ilioitengeneza ndo hiyo hiyo ambayo leo inatengeneza magari ya Subaru. Ninayo mwaka na nusu sasa, naipanda kwenda kusomesha siku tano kwa wiki, Paje nimeshakwenda nayo zaidi ya mara moja, Pemba nimeivusha kwa meli, kwa hivyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu na mgongo wangu pia.

Na asije mtu akasema naidharau Vespa. Mie nimekulia kwenye Vespa. Baba alikuwa na PX ya buluu, mie nasimama mbele baina ya mikono yake nimeshika hendeli, kaka yangu katikati, mama nyuma kakaa upande, ndo hivo tukenda Mnazi Mmoja siku za sikukuu na nguo mpya zetu na upepo wote wa Kilimani usoni. Naipenda Vespa. Lakini hapa kwetu kila kitu chenye pa kuwekea miguu tunakiita Vespa, Bajaj Chetak tunaiita Vespa, LML tunaiita Vespa, na kwa hizo mbili sikatai kwa sababu ukoo wao kweli ni huo, Bajaj na LML wote walianza kwa leseni ya Piaggio. Rabbit ukoo wake mwengine kabisa, na historia yake ndo ilionifanya nisiiuze ile miezi ya mwanzo niliyokuwa nalia nayo.

Niliikuta kwenye uwanja wa vitu vya used njia ya Fuoni, kontena la Japani limefunguliwa asubuhi ile, mnajua wenyewe zinavyokuja, mafriji, masofa, baiskeli za watoto zimepachikana, vyarahani, na chini kabisa limelala dude refu la rangi mbili, maziwa na buluu ya bahari, limejaa vumbi, kifuani limeandikwa Rabbit kwa herufi za kulala kama maandishi ya kalamu. Mwenye mali mwenyewe hakujua ni nini, akaniambia Vespa ya zamani hiyo dada, laki nane. Nikampa. Akanambia karatasi zinakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ikawa miezi mitano, kila nikenda naambiwa mwenye karatasi kasafiri, na muda wote huo skuta siwezi kuisajili, imekaa tu. Simtaji jina, alikuja kuzileta mwisho, lakini nawambieni nyinyi, chombo chochote cha kontena usitoe hata shilingi mpaka ile karatasi ya kufutiwa usajili Japani umeishika mkononi mwako.

Basi nikaipakia kwenye gari ya kuni nikaipeleka Jang'ombe kwa ami. Ami ni fundi, si ami wa damu, rafiki wa marehemu baba, ndie aliekuwa akitengeneza ile PX. Akavua kofia akaitundika kwenye msumari, akachuchumaa, akafungua kifuniko cha ubavu, akakaa kimya. Baadae akaniuliza, "Mwanangu, waya za gia ziko wapi?" Nikamwambia sijui ami. Akafuata kwa kidole waya mmoja mmoja kuanzia kwenye hendeli mpaka chini, huu wa mafuta, huu wa breki, hizi za taa, gia hakuna. Mtu huyu ameshika Vespa tangu kijana, waya za gia anazijua hata gizani, na hapa hazipo. Akasema, "Basi kuna kitu humu ndani, niachie wiki."

Ile wiki ndo nikaanza kusoma, usiku watoto wakishalala, na nilichokikuta kikanitoa usingizi kweli.

Kulikuwa na kampuni ya ndege inaitwa Nakajima, ilianzishwa 1917 na Chikuhei Nakajima, alikuwa afisa wa jeshi la majini, kwenye mji wa Ota mkoa wa Gunma. Mpaka vita kuu ya pili wameshakuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege Japani, ile ndege ya kivita Hayabusa ni yao, injini ya Sakae iliokuwa ndani ya ile ndege nyengine ya kivita, Zero, ni yao, na hata hizo Zero zenyewe ambazo zilibuniwa na Mitsubishi, nyingi zaidi zilitengenezwa kwa Nakajima kuliko kwa Mitsubishi wenyewe. Agosti 1945 vita vikesha, Japani imeshindwa, Wamarekani wakaingia wakasema ndege hamtengenezi tena, marufuku. Na marufuku hiyo ikakaa mpaka 1952. Sasa fikirini, una maelfu ya mafundi waliobobea kwenye kukunja bati nyembamba na kupiga hesabu za upepo, una mashine, una stoo zimejaa vifaa vya ndege ambazo hazitoruka tena, na nje watu hawana mchele, mabasi hayatoshi, mafuta kwa mgao. Kampuni ikabadilishwa jina ikaitwa Fuji Sangyo na swali likawa moja tu, tutengeneze nini tupate kula.

Wanajeshi wa Kimarekani walikuwa na viskuta vidogo vya Powell wakizungukia kambini. Wajapani wakavitazama wakasema hichi tunaweza. Na magurudumu? Magurudumu madogo yatoke wapi nchi imeungua vile? Wakenda stoo wakachukua magurudumu ya mkiani ya Ginga, ndege yao ya kudondosha mabomu, wakayafunga kwenye skuta. Hiyo ndo Rabbit ya kwanza, S-1, mwaka 1946, injini ndogo ya cc 135, nguvu ya farasi 2 tu. Mimi hapa nilisimama kusoma nikenda kuchungulia watoto. Gurudumu lililotengenezwa libebe mkia wa ndege ya mabomu, linambeba mtu anaekwenda kutafuta chakula cha nyumbani kwake. Silisahau hilo.

Mwaka huo huo 1946 Mitsubishi nao, wenye Zero yao, wakatoa skuta inaitwa Silver Pigeon, njiwa wa fedha, wao walichukua mfano wa Salsbury ya Marekani. Na mwaka huo huo tena, Italia, kiwanda cha Piaggio kilichokuwa kikitengeneza ndege, viwanda vyake vya Pontedera vimepigwa mabomu, injinia wao wa ndege Corradino D'Ascanio akatoa Vespa, nyigu. Ukitazama gurudumu la mbele la Vespa yoyote hapo mtaani kwako limeshikwa upande mmoja tu, ule ni mguu wa ndege ule, yule mtu alitoka kwenye ndege akaja nao. Kwa hivyo sungura, njiwa na nyigu, wote watatu ni watoto wa viwanda vya ndege na wamezaliwa mwaka mmoja. Nilipomwambia ami haya akaenda akaishika ile PX ya mteja iliokuwa pale kibarazani akaitazama gurudumu la mbele kama anaiona siku ya mwanzo, miaka arubaini anaifungua.

Turudi kwenye chombo. Hakina gia kwa sababu ndani kuna kitu wanaita toki konveta. Ami alilifungua kubadilisha oili sili zilizokuwa zimekauka, nami nilikuwepo, nikaona. Chukua feni mbili zitazamane, washa moja tu, ile ya pili itaanza kuzunguka wenyewe kwa upepo wa mwenzake ingawa hazijagusana. Sasa badala ya upepo weka oili, na badala ya feni weka magurudumu mawili ya chuma yenye mapanga madogo madogo yaliyopinda, yamefungiwa ndani ya chungu kimoja. Injini inazungusha la kwanza, la kwanza linasukuma oili, oili inasukuma la pili, la pili linakwenda kwenye tairi la nyuma. Hakuna chuma kilichoshikana na chuma pale kati. Ndo maana hiyo Superflow ukifungua mafuta haistuki, haichupi, inaondoka kama ngalawa inayosukumwa kutoka mchangani, unahisi tu imekwenda. Na hii ni skuta ya 1959 kwenda mbele, injini ya cc 199 ya tu-stroki, yaani ya mafuta ya kuchanganya oili, na unawasha kwa ufunguo, stata ya umeme, wakati wenzake wengi wanapiga kiki. Wajapani wenyewe wanazihesabu Rabbit miongoni mwa vyombo vya mwanzo kwao vya matairi mawili kuwa na stata, na kwenda bila gia, na springi ya hewa.

Hiyo springi ya hewa sasa. Nyuma chini ya siti kuna mpira wa hewa, kama pafu, unajazwa upepo, na huo ndo unaobeba uzito. Wangu ulikuwa umekufa, mpira wa miaka sitini umepasuka kama udongo wa kiangazi, haiwi kosa la mtu hiyo ni umri tu. Skuta ilikuwa imekaa chini nyuma kama paka anaetaka kuruka, na ikipita kwenye tuta inagonga chuma kwa chuma mpaka meno yanauma. Tukampelekea fundi wa pancha akabandika kiraka kwa moto, kikakaa siku mbili. Akabandika tena, kikakaa siku nne. Ami akasema tutie springi ya Bajaj tuachane nayo, nikamwambia ami subiri kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma, nilikuwa nataka nijue waliikusudia iweje. Nikaagiza mpira mpya Japani, huko wako wapenzi wa Rabbit wanaotengenezesha upya, ukachukua miezi miwili na nusu kufika na nilitoa karibu nusu ya nilichonunulia skuta yenyewe. Siku tuliofunga, ami akajaza upepo kwa pampu ya mkono, nyuma ikainuka pole pole, pole pole, mpaka ikasimama sawa, nikapanda, nikazunguka Jang'ombe ile njia ya ndani yenye mashimo, nikarudi sina la kusema.

Sasa niwape mfano mzuri. Ramadhani iliopita mama alitaka kumpelekea dada yake futari Mazizini. Mama yangu mtu mzima, bodaboda hapandi kabisa, gari siku hiyo haikupatikana na saa kumi na moja na nusu imeshapiga. Akakaa nyuma, upande, mikononi bakuli la mchuzi wa pweza wa nazi limejaa mpaka juu, limefungwa kitambaa cheupe cha pamba. Kutoka kwetu mpaka lami ni njia ya mawe tupu, kisha matuta, kisha mzunguko wa pale kwenye magari. Tumefika Mazizini kitambaa kikavu. Mama hakusema kitu, akashuka, akakigusa kitambaa kwa kidole, akanitazama. Kesho yake alasiri akaniuliza "utakwenda na ile sungura yako leo?" Nyumbani kwetu jina la Vespa likafa siku hiyo.

Kwa wanawake wenzangu mnaopanda skuta na buibui, hii kitu imenyooka. Pale mbele pa kuwekea miguu ni papana, unaingia bila kunyanyua mguu, mkono wa kushoto hauna kazi ya kuvunja gia kila sekunde, kwa hivyo asubuhi kwenye msongamano wa Amani na Kariakoo, unasimama unakwenda unasimama unakwenda, mwenye PX mkono umeshamfa ganzi na mie nimetulia. Begi la madaftari ya darasa zima nalisimamisha mbele baina ya miguu. Injini iko nyuma imefunikwa yote, oili hairuki kwenye nguo, na joto halikuchomi muundi.

Lakini nzito. Hapa niseme kweli, nzito sana, nzito kuliko Vespa yoyote niliyowahi kusukuma, na ikizimika barabarani ukiwa peke yako utatafuta watu. Siku ya mwanzo kuitia kwenye stendi ilinishinda, nikasaidiwa na mtoto wa darasa la saba. Sasa nimeshajua namna yake, unakanyaga mguu wa stendi kwa uzito wa mwili mzima na kuivuta nyuma kidogo, nguvu za mkono hazisaidii. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe siiingizi tena, kugeuza ni shida, na sauti na moshi wa tu-stroki baina ya zile kuta unawakera watu kwenye vibaraza vyao, si adabu.

Mafuta inakula. Ile oili ya kati ndo sababu, kila feni inaposukuma feni kuna nguvu inapotelea njiani inageuka joto, ndo gharama ya ulaini. PX ya baba kwa lita ile ile ingenifikisha mbali zaidi. Na joto hilo nililiona Pemba.

Kaka yangu anakaa Wete, mwezi wa nane msimu wa karafuu umeanza nikasema nende nayo. Kuipakia melini tabu yake yake, watu watatu kwenye ubao, lakini ilifika. Sasa Unguja tambarare, mtu unasahau, Pemba ukishatoka bandarini Mkoani tu unaanza kupanda, na baada ya hapo ni kilima bonde kilima bonde. Peke yangu ilikwenda vizuri. Tulipokuwa wawili na kaka na kapu la vitu baina ya Chake na Wete, jua la saa nane, kilima kile kirefu, nikasikia mlio wa injini unapanda na skuta haiongezi mwendo, inapiga kelele tu kama mtu anaekimbia ndani ya maji. Nikampigia simu ami. Akanambia simama, oili imechemka imekuwa nyepesi, haina nguvu ya kusukuma, ipe nusu saa usiizimishe na kuiwasha washa. Tukasimama chini ya mkarafuu, pembeni majamvi yametandikwa ukingo mzima wa barabara karafuu zinaanikwa, zile za jana zimeshaanza kuwa nyekundu za leo bado kijani, harufu imejaa mpaka kooni. Baada ya nusu saa ikapanda kilima kile kile bila neno. Kwa hivyo mtu wa Pemba anaetaka S601, abebe mtu mmoja tu vilimani saa za mchana, au atafute ile ya Touring ambayo ni Rabbit hiyo hiyo lakini ina gia za kawaida.

Kutu ni adui mwengine. Chumvi yetu hii haina huruma, na bodi yote ni bati la chuma lililokunjwa vizuri sana, mikunjo mizuri, lakini ndani ya mikunjo ndo maji yanakaa. Ami ananipakia oili chafu chini yote kila baada ya mvua za masika, na zulia la mpira pa miguuni nalinyanyua kila Ijumaa nalikausha. Nilipoinunua chini ya zulia palikuwa na tundu la kuingia vidole viwili.

Nimalizie kisa chake maana watu wanauliza kama ni nzuri hivi kwa nini hatuzioni. Fuji Sangyo ilivunjwa na Wamarekani vipande vipande 1950, kila kiwanda kivyake. Mwaka 1953 vipande vitano vikaungana vikaanzisha Fuji Heavy Industries. Walipotoa gari yao ya kwanza ya majaribio, rais wa kampuni Kenji Kita akaipa jina la Subaru, na Subaru kwa Kijapani ni zile nyota za pamoja, kilimia. Kilimia hiki hiki chetu! Itazameni ile alama mbele ya gari za Subaru, nyota kubwa moja na ndogo tano, kampuni tano na ile moja waliyoizaa. Wazee wetu wakulima wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mimi kila nikiikumbuka Nakajima ilivyozama na ndege ikazuka na skuta nauona msemo ule umekaa pale pale.

Miaka ya hamsini Rabbit na Silver Pigeon ndo waliokuwa na soko la skuta Japani, hata Honda alipojaribu kuingia 1954 na skuta yake ya Juno, bodi ya plastiki, haikwenda, akaiacha baada ya muda mfupi. Lakini Agosti 1958 Honda akarudi na Super Cub, ile mnayoiita Honda 50, nyepesi, rahisi, fo-stroki ya cc 50 haitaki kuchanganya oili, krachi inajifungua wenyewe, tairi kubwa linapita kwenye matope. Hapo basi. Mwenye duka, mpeleka barua, mpeleka chakula, wote wakahamia huko, na mpaka 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Silver Pigeon akasimama 1963. Rabbit akastahamili mpaka 1968, na wenyewe Fuji kwa wakati ule akili yao imeshahamia kwenye magari, walikuwa wameshatoa Subaru 360 mwaka 1958, kigari kidogo chenye injini ya cc 356, tu-stroki ya kupozwa kwa upepo imekaa nyuma. Nyinyi mliofungua ubavu wa Rabbit mkisikia hayo maneno mtajua kile kigari kilijifunzia kutembea wapi. Na 2017 kampuni nzima ikajiita Subaru moja kwa moja.

Mie naona haikustahili kufa. Super Cub imeshinda kwa sababu watu walikuwa maskini na wanataka kitu kisichosumbua, haki yao. Lakini ulaini wa hii kitu haujapatikana tena kwenye skuta niliyoipanda mimi, na nimeshazipanda hizi mpya za plastiki za kukodi watalii, zinakwenda mbio kweli, ila kila shimo unalihesabu. Njia ya Paje ukifika Jozani pale kwenye matuta ya kuwalinda kima punju, za watalii zinaruka chup chup, mie napita nyuma inashuka inapanda, inashuka inapanda, kama unapumua.

Kwa hivyo ununue au usinunue? Kama unataka chombo cha kwenda kazini tu na fundi wako hana subira, usinunue, chukua Chetak au PX, spea zipo Darajani siku hiyo hiyo. Kama unae fundi anaependa kujua na wewe mwenyewe unaweza kusubiri kifurushi miezi miwili bila kugombana na watu nyumbani, inunue, mie kwa kukaa na kutembea naipa tano kwa tano na kwa spea naipa moja. Ukiikuta kwenye kontena angalia vitu hivi, nyanyua zulia la miguuni ubonyeze bati kwa kidole gumba, sukuma siti chini uone kama nyuma inarudi, tazama chini kama pana oili inatoka katikati pale kwenye konveta, na uliza karatasi kabla ya bei. Betri nunua mpya siku hiyo hiyo, stata ile haitaki betri ya kuokoteza.

Mimi imebaki kitu kimoja tu, kitasa cha kifuniko cha ubavu wa kulia, kile cha kuzungusha, changu kimevunjika jino na sasa hivi nimefunga kwa uzi wa nailoni wa kuvulia. Mwenye kuiona Rabbit nyengine popote, Unguja au Pemba, hata iwe mfu, hata iwe banda la kuku, anijulishe tafadhali, nitakuja mwenyewe na bisibisi na nitalipa.